Jina la Baba Mkwe

"Jina la baba yake mumeo?"

Karani aliuliza kwa mara ya tatu, na safari hii hakuinua hata macho. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi, na kwenye ncha yake tone la wino lilianza kuvimba.

Lea alilitazama lile tone. Mpaka hapo alikuwa amejibu maswali yote bila kusita: jina lake, kijiji chake cha Ulemo, dini yake, kazi yake ya kupika chumvi, watoto hakuna. Hata jina la mume alilitaja, Andrea, kwa kuwa hilo lilikuwa jina la ubatizo, lilikuja na wamisheni, na halikuwa na mwiko. Lakini jina la baba mkwe lilikuwa kitu kingine. Tangu siku alipoingia katika mji wa wakwe zake akiwa bibi arusi, miaka kumi na mmoja iliyopita, jina lile halikuwa limepita kinywani mwake, si kwa mzaha wala kwa hasira. Mkamwana wa kwao hamtaji baba mkwe. Humpisha njiani, huinamisha uso, na neno lake humfikia kupitia kwa mama mkwe. Kumtaja ni kumvua nguo mbele za watu.

"Mama, Kiswahili unakisikia?"

"Nakisikia, bwana karani."

"Basi jibu."

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nalijua kama ninavyoijua njia ya kisimani."

Karani aliweka kalamu chini. Aliitwa Bonaventura, kijana wa Songea, kaptula yake imepigwa pasi ikasimama kama bati. Alikuwa na miezi minne tu katika boma lile, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi.

"Sikiliza, mama," alisema polepole. "Hii siyo ruhusa ya kwenda mnadani. Hii ni viza, ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini, nchi ya watu. Mwaka jana alipita hapa bwana mmoja na mwanamke, akaapa kwamba ni mkewe. Walipofika mpakani ikajulikana ni mke wa jirani yake. Tangu hapo imekuja amri: mwanamke anayemfuata mumewe ajieleze mwenyewe, mume ni nani na baba wa mume ni nani, bila kusaidiwa na mtu. Nikikujazia mimi, nimevunja amri. Akikunong'oneza mwingine, nimevunja amri."

Kwenye benchi la ukutani, chini ya picha mpya ya Malkia, watu waliguna. Mmoja wao alikuwa Laurenti, mfanyabiashara wa asali na nta kutoka Sepuka, aliyekuwa akingoja karatasi zake mwenyewe huku kofia yake ameivika goti.

"Mama wa Ulemo!" aliita. "Mkweo yuko mwendo wa siku mbili kwa miguu. Masikio yake ni ya tembo hata yafike hapa?"

Watu wakacheka.

"Kama lake ni zito, taja langu. Andika Laurenti. Mimi nitakuwa baba mkwe wa leo tu, na ng'ombe wa mahari nitatoa mwenyewe!"

"Na wewe nyamaza," alisema karani. "Zamu yako bado." Kisha akamgeukia Lea. "Saa sita Bwana Shauri, mkuu wa boma, anafunga kazi ya kutia sahihi. Kesho anaondoka kuzunguka vijijini, na kurudi kwake ni mwezi mzima. Kaa pale dirishani ufikiri. Nitakuita mara moja tu. Ukishindwa, nitaandika kwamba hukuthibitisha, na shauri lako limekwisha."

Mwezi mzima. Lea alikwenda dirishani. Ndani ya kikapu chake, katikati ya kanga, ilikuwamo barua iliyokuja kutoka migodi ya shaba. Haikuwa na mwandiko wa Andrea. Ilikuwa imeandikwa na Melkiori, rafiki yake wa kazi, na Lea aliisoma mwenyewe kando ya moto wa chumvi, mahali ambapo moshi humtoa mtu machozi na hakuna anayeuliza sababu. *Shemeji, jiwe lilimwangukia, na mguu umekatwa chini ya goti. Kidonda kinapona, ila yeye haponi. Hali chakula. Amegeuza uso ukutani. Daktari amesema akimwona mtu wake huenda akarudi. Njoo, lakini uje na karatasi za serikali, maana bila karatasi hawatakufungulia lango.*

Laurenti alisogea kando yake akashusha sauti. Mzaha ulikuwa umemtoka.

"Dada, hata kwetu mwiko huo upo. Mke wangu akimwita mbuzi wa baba yangu huzunguka maneno mpaka mbuzi mwenyewe anachoka kungoja. Lakini huyu karani si mtu wa huku. Mtajie jina lolote, la babu yako, la jirani. Atajua nini? Muhuri ukipigwa umepigwa."

"Asante, kaka."

"Basi utataja?"

"Nimesema asante."

Laurenti akatikisa kichwa, akarudi kwenye benchi.

Njia zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na mwiba wake. Kutaja. Kudanganya. Kurudi nyumbani. Lea aliushika mdomo wake kwa vidole, kama mtu anayetaka kuhakikisha mlango umefungwa.

Ulimi ndio uliokuwa kipimo cha kazi yake. Kila kiangazi alishuka mpaka mbuga ya Wembere, akakwangua udongo uliopauka kwa chumvi, akaujaza katika chungu chenye tundu chini, akamimina maji juu yake na kungoja. Maji yalidondoka tone, tone. Akiyaonja na yakachoma ncha ya ulimi tu, aliyarudisha juu ya udongo. Yakiuma pembeni, aliyatia motoni. Wenzake waliokosa subira waliukoroga ule udongo ili maji yashuke upesi, na chumvi yao ilitoka nyeusi, yenye matope. Ya Lea ilikuwa nyeupe, na hakuwa na siri nyingine isipokuwa kungoja.

Akangoja. Akafumba macho, akaomba kimyakimya, kwa maneno machache kama alivyozoea.

"Bwana, ulimi huu ni wako. Usiuache useme uongo. Wala usiuache umdhalilishe mzee ambaye hajanitendea baya."

Maana hajamtendea baya kweli. Miaka ilipopita bila mtoto, na majirani wakaanza kumwambia Andrea atafute mke mwingine, ni yule mzee aliyetuma neno. Mama mkwe alikuja nalo jikoni: "Baba anasema, mwambieni mkamwana, katika mji wangu mtu hahesabiwi kwa watoto." Hakuongeza lingine, na tangu hapo majirani walipita mbali na habari ile. Mtu kama huyo unamtupaje mbele ya benchi la wageni wanaocheka?

Nje punda alilia, na ndani mihuri ikaendelea kugonga meza. Lea alifumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni mikono yake. Ilikuwa imepasukapasuka kwa magadi, kucha zimeliwa. Lakini kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia palikuwa na sugu ndogo ambayo haikuletwa na chumvi. Ililetwa na penseli.

Miaka mitatu alikuwa amesoma darasa la jioni kanisani, mwanamke mzima kati ya wanawake wazima, miguu yao ikiwa bado na vumbi la shamba. Siku walipofundishwa kuandika jina la mume kwa ukamilifu, aliandika Andrea kisha akaacha. Mwalimu Filipo, aliyekuwa mtu wa hapohapo, alitazama ubao wake na kusema tu, "Acha nafasi, mama. Mungu anajua kinachokaa hapo." Hata juu ya bahasha za barua alizompelekea mgodini aliandika Andrea na namba ya nyumba tu.

Je, mkono nao una mwiko? Alijiuliza kwa kicho. Aliwakumbuka wazee wote waliomfunda, shangazi zake, mama mkwe, na hakukumbuka mmoja aliyewahi kulikataza hilo. Wangelikatazaje? Hakuna mkamwana kabla yake katika mji ule aliyekuwa na mkono wa kuandika.

"Mama wa Ulemo!"

Alipofika mezani karani alikuwa amekwisha kufungua kisanduku cha wino wa kidole gumba.

"Weka dole hapa, kuonyesha kwamba umeulizwa ukashindwa."

"Sitaki wino wa dole, bwana karani. Naomba kalamu."

"Ya nini?"

"Nijieleze mwenyewe."

Karani alimtazama, akatazama ile mikono, kisha akageuza kalamu na kumpa upande wa mti.

Lea aliishika. Ilikuwa nyepesi kuliko penseli, nayo ilitaka kukimbia. Akainama karibu sana na karatasi, akainua kiganja cha kushoto kuwa ukuta, kama mtu anayemkinga mzee anayeoga, na nyuma ya ukuta ule akaandika. Herufi ya kwanza ilipinda. Ya pili ilisimama. Hakuwahi kuliandika jina lile maishani mwake, na alipokuwa akiliandika lilimjia kwa heshima, silabi moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoinama mlangoni mwa nyumba fupi ya tembe. Alipomaliza hakuondoa kiganja. Aliifunika karatasi kwa karatasi nyingine ndipo akaisukuma mbele.

"Nakuomba," alisema, "usilisome kwa sauti nikiwa hapa."

Karani alifunua. Midomo yake ilianza kujongea, kisha ikafunga. Akaitoa kwenye jalada barua ambayo mgodi wenyewe uliiandikia boma, ile iliyokuwa na jina la mgonjwa kamili, akaiweka sambamba na mwandiko ule wa wino mbichi. Alitazama huku, akatazama huku. Kisha akasimama, akavuta soksi zake, akaingia na karatasi kwa Bwana Shauri.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Lea hakujua mikono aiweke wapi.

Mlango ulipofunguka karani alikuja akipuliza karatasi ili sahihi ikauke. Akachukua muhuri, akaugonga mara mbili, na ile ya pili aliigonga kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Tunduma, mpakani, utawaonyesha hii. Usiikunje hapa katikati." Akasita. "Nenda salama, mama. Na mgonjwa apone."

Lea alipiga goti kidogo, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Kumbe kalamu haina mkwe!" Laurenti akapaza sauti kutoka kwenye benchi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Lea naye akacheka. Alicheka mpaka akajishikiza mezani, kicheko chake cha kwanza tangu barua ilipofika, na katikati yake machozi yakashuka, wala hapakuwa na moshi wa kuyasingizia.

Alitembea siku mbili kurudi Ulemo, na njia ileile ilikuwa fupi. Lakini kadiri vilima vya kwao vilivyokaribia, swali moja lilianza kumfuata nyuma. Alifika jioni, jua bado halijazama, akamkuta mama mkwe akipepeta mtama uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekupa?"

"Wamenipa. Lori ni kesho asubuhi, pale barabarani. Lakini mama, nina neno, na neno lenyewe ni la baba."

Akaeleza lote. Mama mkwe aliweka ungo chini na kufunika mdomo kwa mkono.

"Uliliandika? Lote?"

"Lote."

"Mbele ya wanaume?"

"Nililifunika kwa kiganja, mama. Wala halikusomwa kwa sauti. Lakini niliandika. Kama nimekosa, aniambie kabla sijaondoka. Nisiende kwa mwanawe na kinyongo cha baba mgongoni."

Mama mkwe akaenda nyuma ya tembe, kwenye zizi. Lea alibaki amesimama kando ya mtama. Alisikia sauti ya yule mama ikieleza, ndefu, yenye kupanda na kushuka. Kisha kikohozi cha mzee. Kisha maneno machache, mazito, ambayo hakuyashika. Akaomba tena, neno moja tu.

Mama mkwe alirudi akitembea polepole, na uso wake haukusomeka.

"Anasema hivi. Anauliza, likoje?"

"Nini, mama?"

"Jina lake. Anasema amelibeba tangu kabla ya Wajerumani, na hajawahi kuliona. Anaomba umwonyeshe, kisha uingie ndani, naye atakuja atazame."

Lea alichukua ufagio. Akafagia kipande cha ua karibu na lango la zizi mpaka kikawa safi, akakinyunyizia maji kidogo udongo ushikane, akachonga kijiti. Akaandika kwa herufi kubwa, ndefu kama hatua ya mtu, akaingia ndani na kuketi gizani, akisikiliza nyayo za mzee zikija, zikisimama, zikizunguka, zikisimama tena.

Asubuhi alitoka na mzigo wake kichwani, karatasi ikiwa kifuani. Ng'ombe walikuwa wakitolewa zizini. Mzee alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, amempa mgongo kama ilivyo desturi, naye Lea akainamisha uso kama ilivyo desturi. Lakini hakuweza kujizuia kuona. Mzee hakuwaacha ng'ombe wapite pale walipozoea kupita. Aliwazuia kwa fimbo, mmoja mmoja, akawasukuma kwa ubavu wazunguke pembeni, karibu kabisa na ua wa miiba. Ndama wa mwisho alikuwa mbishi. Alishusha pua kwenye udongo uliofagiwa akaunusa, na mzee akainama, akamshika taya kwa mkono wazi, akamgeuza taratibu.