Ruhusa ya Balozi

Ukishuka Msambweni ukaulizia kwa Amin Chirau, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha. Sura yake imebandikwa kila ukuta: hospitalini, kwa chifu, kwenye mlango wa chuo, mpaka kwenye choo cha wanawake cha sokoni. Juu ya sura pameandikwa, Dada, usinyamaze. Chini yake ipo namba yake ya simu. Picha imetoka vizuri, kanzu nyeupe imenyooka, na tabasamu ni la mtu aliyekula akashiba. Twaiba, mkewe, ndiye aliyeipiga pasi kanzu hiyo. Ndiye pia aliyebandika nusu ya karatasi hizo kwa mikono yake, kwa gundi ya unga wa ngano, maana alitumwa na mumewe na kutumwa hakukataliki.

Wala tusimsingizie mtu. Tangu shirika moja kubwa la Nairobi lilipomfundisha siku tano katika hoteli ya Diani na kumvika kitambulisho cha shingoni, Amin amekuwa Balozi wa Amani ya Nyumba, na kazi ameifanya. Wapo wanawake wanaopumua leo kwa sababu yake. Kadzo wa Kinango aliletwa mkono umevunjika, na Amin akafunga duka lake la chaja na fotokopi, akampeleka hospitali, akaketi naye kituo cha polisi mpaka fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha ikajazwa, kisha akamtafutia nyumba ya hifadhi. Mpaka leo Kadzo hali chakula bila kumwombea. Hilo ndilo lililomkaba Twaiba. Laiti angekuwa mwongo mtupu, angalau watu wangemshuku.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na watu wa Msambweni hawakulala ndani ya ile. Amin alipiga panapofunikwa na baibui. Hakupiga usoni hata siku moja, kwa kuwa uso unakwenda harusini.

Twaiba alikuwa amejaribu milango mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa mamake, Tiwi. Alikimbilia huko mara tatu, na mara zote tatu Bi Maimuna alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, akamuuliza kabla ya kumkaribisha, "Mumeo amekupa ruhusa?" Bi Maimuna si mama mbaya. Ni mtu aliyefundishwa jambo moja katika chuo cha Kurani akiwa mdogo akalishika kwa mikono miwili: mke hatoki kwa mumewe bila idhini yake. Alimkanda mwanawe kwa maji ya moto, akalia naye, kisha akajifunga leso akamrudisha yeye mwenyewe kabla ya magharibi. Mara ya tatu Amin alimpokea mkwewe kwa soda baridi. Wiki iliyofuata akaenda Tiwi kumsalimu, akambandikia picha yake mlangoni, na bibi akashukuru.

Mlango wa pili ulikuwa wa zahanati. Muuguzi alimtazama Twaiba jinsi anavyovuta pumzi akaelewa mara moja, naye akafanya alivyoelekezwa kwenye semina: alipiga namba iliyokuwa ukutani. Amin alifika kwa robo saa, na boksi la juisi mkononi.

"Una bahati, dada," muuguzi akamwambia. "Wenzio hawana wa kuwajia mbio hivi."

Mlango wa tatu ulikuwa simu ya bure ya shirika, ile inayopokelewa Nairobi. Alipiga kwa simu ya dukani siku Amin alipokwenda kuswali Ijumaa. Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya huruma ya kweli. Akauliza, uko wapi, mpendwa? Twaiba akasema, Msambweni. "Hapo tuko na mtu mzuri sana," binti akasema. "Ngoja nikuunganishe." Twaiba akakata, kisha akaketi juu ya katoni la karatasi. Tangu siku hiyo hakujaribu tena. Mtu ataenda wapi, ikiwa kila njia inaishia sebuleni kwake?

Sasa zilikuwa zimewadia Siku Kumi na Sita za kupinga ukatili, na shirika liliamua kuzifunga Ukunda, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi, mgeni rasmi akitoka Nairobi. Amin alitakiwa aonyeshe umma jinsi simu inavyopokelewa. Kwa hiyo aliandika mchezo mfupi, kurasa mbili zilizopigwa chapa: mwanamke anapiga simu, balozi anajibu. Na nani aigize mwanamke kama si Bi Balozi mwenyewe? Shirika lilifurahi mno. Binti yao Warda, kwa vile shule zilikuwa zimefungwa, alipelekwa Tiwi kwa bibi yake ili mamake apate nafasi ya kujifunza maneno.

Walifanya mazoezi Jumanne, baada ya alasiri. Twaiba alisoma. Amin akatikisa kichwa.

"Hulii kama mtu aliyepigwa," akasema. "Wasoma kama mtangazaji wa vifo. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne Amin aliinuka, akafunga dirisha taratibu, akachomoa waya wa chaja ukutani. Sitaeleza yaliyofuata, aliyepata kuyaona anayajua, na asiyeyaona Mungu amwepushe. Alipomaliza, aliirudisha ile karatasi mapajani mwa mkewe na kuinyoosha kwa kiganja.

"Haya, soma sasa."

Twaiba akasoma, kwa pumzi fupi kwa sababu ndefu ilikuwa inamchoma ubavu.

"Umeona?" Amin akasema, kwa upole kabisa. "Sasa imeingia."

Alhamisi uwanja ulijaa. Wanawake walikuja kwa vikundi, kila kikundi na leso zake za sare, watu kiasi cha mia tatu chini ya mahema. Kadzo alikuwa safu ya mbele, maana naye angetoa ushuhuda. Twaiba aliwekwa ndani ya darasa lililokuwa nyuma ya jukwaa ili spika zisipige mluzi. Alikaa kwenye dawati la watoto pamoja na Caroline, msichana wa shirika, mwepesi wa kucheka. Ndiye aliyepiga ile picha ya ukutani.

"Usiogope, mum," Caroline akasema, akimpa simu. "Mimi nitafuata na karatasi. Ukisahau nitakuonyesha kwa kidole."

Twaiba hakuwa na mpango wowote. Wallahi hakuwa nao. Alitaka asome kurasa mbili, zipigiwe makofi, arudi nyumbani akapike, na Amin awe na furaha siku mbili tatu. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini yake yote, na hapo uone mtu anavyoweza kupunjwa mpaka matumaini.

Simu ikalia jukwaani. Amin akaipokea, akaisogeza kwenye kipaza sauti.

"Asalaam aleikum, dada yangu. Uko mahali salama pa kuzungumza?"

Karatasi ilisema: Waaleikum salaam, balozi. Ndiyo, niko salama. Twaiba aliitikia salamu. Lakini lile "ndiyo" lilifika kwenye ulimi likagoma. Alilisukuma, halikutoka.

"La," akasema. "Siko salama."

Caroline akainua macho, akatabasamu kumtia moyo, akarudisha kidole kwenye mstari.

"Pole sana," akasema Amin. "Alikupiga lini?"

Jana usiku, ilisema karatasi.

"Jumanne. Baada ya alasiri. Alifunga dirisha kwanza." Pumzi ilimkatika, akangoja irudi. "Kwa waya wa chaja. Alisema silii vizuri."

Nje ukasikika mguno wa wanawake mia tatu. Mmoja akasema, "Maskini, ajua kuigiza huyu." Ndani ya darasa kidole cha Caroline kilikuwa kimesimama katikati ya karatasi, na hakikujua kiende wapi.

"Dada," ikasema sauti ya Amin kwenye spika, na kwa mara ya kwanza haikuwa laini. "Labda ulimkosea. Wanawake pia mwakosea. Kaa naye, mzungumze."

Uwanja mzima ukajibu kwa pamoja, "Kosa si lako!" Amin mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Miaka miwili amekwenda kijiji hadi kijiji akiwakaririsha neno hilo, nao wakadhani sasa anawajaribu, kama mwalimu anavyokosea makusudi ubaoni ili darasa limsahihishe. Wakacheka, wakapigiana mikono. Mgeni rasmi naye akacheka.

Twaiba aliyasikia maneno hayo kupitia ukuta, na machozi yakamtoka. Akatazama karatasi. Mstari wa mwisho wa mwanamke ulikuwa palepale alipouweka Amin mwenyewe, na huo hakuubadilisha hata herufi.

"Balozi, naomba unishauri. Nirudi nyumbani leo?"

Jibu lilikuwa chini yake, limepigwa chapa. Amin hakulisoma. Spika zilitoa sauti ya upepo tu. Twaiba aliweza kumwona kwa mawazo, jasho kwenye paji, tabasamu lile lile. Akajua kwamba asiposema kitu atarudi naye Msambweni kwa gari moja, na akawaza dirisha, na mkono wake unavyolifunga taratibu.

Kisha ikasikika sauti ya Kadzo, kutoka safu ya mbele, nzito na ya shamba, haina haya. "Mwambie, Balozi. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Mwambie," wakadakia wengine. "Mwambie asirudi."

"Usirudi," akasema Amin. Neno lilimtoka kama mtu anayejitoa mwiba. "Usirudi nyumbani, dada. Nenda hospitali ukaandikwe. Kisha nenda kwa watu wako."

"Nimesikia, balozi," Twaiba akasema. "Na hawa wote wamesikia."

Makofi yakalipuka, vigelegele vikafuata. Walishangilia mchezo. Twaiba ameyasema yote mbele ya watu mia tatu, na watu mia tatu wamemsifu kwa sanaa. Aliweka simu juu ya dawati, akahisi ule ukuta wa kawaida unarudi kumzunguka, karibu zaidi kuliko kwanza.

"Hii haiko kwa karatasi," Caroline alisema. Hakuwa anacheka.

Twaiba akapandisha mkono wa baibui mpaka begani.

Caroline akautazama mkono. Akatazama mlango wa darasa, upande wa jukwaa. "Ni yeye?" Twaiba akaitikia kwa kichwa. Msichana yule akajishika mdomo, na Twaiba akangoja kusikia, ngoja nimpigie balozi. Badala yake alisikia funguo.

"Gari iko nyuma. Twende kabla hajamaliza kusalimiana."

Walipopita dirishani Twaiba alichungulia. Amin alikuwa amezingirwa na leso za kila rangi, kila mwanamke akitaka mkono wake, na mgeni rasmi amemshika ule mwingine hamwachi. Alikuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa darasa.

Hospitalini daktari alipima, akaandika, hakumpigia mtu simu. Ukutani palikuwa na picha ya Amin. Caroline alisimama mbele yake muda wote, ameiziba kwa mgongo, na simu yake mwenyewe ilipolia aliizima bila kuitazama.

Walifika Tiwi jua likiwa bado lipo. Warda alikuwa anacheza kibe, kujificha na kutafutana, na wenzake nyuma ya nyumba. Sauti yake ilisikika. Bi Maimuna akatokea mlangoni na leso yake ya kuswalia, akaweka mkono kwenye mwimo, pembeni ya sura ya mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama mwanawe, akamtazama msichana mgeni, akaitazama bahasha ya hospitali. Lakini swali lilikuja vilevile. "Mumeo amekupa ruhusa?"

"Amenipa."

"Twaiba. Usiniongopee."

"Amenipa, mama. Mbele ya watu mia tatu, kwa kipaza sauti. Amesema, usirudi nyumbani, nenda hospitali, kisha nenda kwa watu wako. Huyu hapa ni shahidi."

"Ni kweli, shosho," Caroline akasema, akimwita bibi kwa neno la Nairobi.

Ndani ya nyumba simu ya Bi Maimuna ilianza kulia juu ya kitanda, ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Wote watatu walijua ni nani.

"Alisema urudi lini?"

"Hakusema."

"Hakusema," mama akarudia taratibu, kama mtu anayepewa kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi naye anaogopa kukipokea. Simu ikalia mara ya tatu. Akaondoa mkono kwenye mwimo.

"Basi ingia," akasema. "Na viatu uvitie ndani, leo huvivai tena."