Makala Iliyomwinua Mtafiti

Mtafiti wa figo alikuwa akisuuza kikombe cha chai kwenye sinki la maabara pale miguu yake ilipoachana na sakafu. Si sana, upana wa vidole vitatu hivi. Akafunga bomba, akafuta mikono, akafungua kompyuta. Kama alivyodhani: daktari mmoja wa moyo alikuwa ameinukuu makala yake.

Katika taasisi ile jambo hilo halikumshtua mtu. Aliyenukuliwa alipanda, asiyenukuliwa alikanyaga chini kama watu wengine. Mkurugenzi, ambaye jina lake lilikuwa kwenye makala za macho, ini, uzazi na hata meno, alishinda darini, na katibu alimfikishia barua kwa ufito. Wenye wivu walimwita Popo, lakini kwa sauti ya chini.

Tabu ni kwamba makala ya mtafiti ilikuwa na kosa. Umeme ulikatika, damu ya wagonjwa wa utafiti ikayeyuka ndani ya friza, na mtu wa zamu akaiwasha tena asiseme neno. Damu iliyoharibika ikaonyesha kwamba dawa mpya ya presha haidhuru figo. Kumbe dawa iliziua. Mtafiti alipokuja kuambiwa, makala ilikuwa imeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo alikwenda kwa mkurugenzi kuomba iondolewe.

"Tuiondoe?" mkurugenzi akauliza kutoka darini. "Mwanangu, na jina langu limo humo. Unataka nianguke? Sakafu yenyewe hii ya zege."

"Watu watakufa, mzee."

"Basi andika. Nani kakukataza kuandika?"

Akaandika barua kwa jarida lililoitoa: makala yangu ina kosa, msiitumie. Siku ilipochapishwa, aligonga kichwa kwenye taa. Waliohesabu nukuu hawakujali nani anasifu na nani analia; barua iliitaja makala, basi ilihesabiwa. Wataalamu wakaijadili barua, kila mmoja akiitaja makala upya, na mtafiti akaanza kutembea na mfuko wa mchanga kiunoni.

Ndipo mdogo wake wa kike alipolazwa kwa presha, akaandikiwa dawa ileile. Mtafiti alifika wodini akihema, mchanga ukimwagika nyuma yake.

"Daktari, nakuomba, usimpe hiyo. Itammaliza figo."

Daktari wa wodi alikuwa mpole. Akamfungulia mwongozo wake wa dawa. "Dada, mimi siendi kwa maneno ya kusikia. Dawa hii imefanyiwa utafiti. Soma jina la mwandishi."

"Ni mimi."

"Basi hongera. Makala yako inanukuliwa kila mahali."

Mdogo wake alicheka kutoka kitandani, kidonge kikiwa kiganjani. "Mzoee tu, daktari. Dada yangu huyu hata akipika anatuambia tusile, chumvi imezidi. Tukionja, tamu."

Mtafiti akanyoosha mkono kumpokonya. Wakati huohuo mtu fulani, mahali fulani, akachapisha nukuu yake, na mtafiti akapanda. Vidole vyake vilizigusa nywele za mdogo wake tu.

"Tema, mama! Tema!" alilia, mgongo ukiwa umebana kwenye dari.

Mdogo wake alikuwa ameshashushia na maji. Akampungia mkono ili asiwe na wasiwasi.

Alikufa kabla ya mvua za masika kuanza. Mazikoni wajomba walimfunga mtafiti kamba kiunoni, wakaishika kwa zamu, na machozi yake yakawadondokea wao mabegani.

Daktari wa wodi naye aliumia sana, na hakuwa mtu wa kuficha jambo. Aliandika kisa chote cha marehemu kwa uangalifu, akakipeleka kwenye jarida. Alieleza kwamba sababu ya figo kufa haijulikani, kwani dawa aliyokuwa akitumia ilishathibitishwa kuwa salama, na hapo akainukuu makala.

Siku kisa kilipochapishwa, mjomba mkubwa alilazimika kuongeza kamba.