Shuka Mia Mbili za Kamsudi

Boaz Nyangweso alikuwa na hasira ya miaka miwili, na hasira ya namna hiyo hailali. Huchuchumaa tu kifuani ikingoja kuguswa. Mkewe Priscah alifia hospitali ya Kamsudi, upande wa Homa Bay, mwaka wa tisini na tano, na wiki tatu za mwisho Boaz ndiye aliyemfulia shuka. Mashine ya hospitali imekufa, aliambiwa, kila mgonjwa afuliwe na watu wake. Basi mwanaume mzima, mchimba dhahabu wa Macalder mwenye mikono ya sururu, akajifunza kusugua shuka kwenye tangi la uani, katikati ya wanawake waliomcheka kwanza, halafu wakamhurumia, halafu wakamzoea. Alilipia kitanda. Alilipia dawa. Alilipia hata pamba. Waliiita kosti-sheringi. "Tunagawana gharama, mzee," karani wa stoo alimwambia. Boaz hakumwona mwenzake wa kugawana naye.

Alipotoka matangani alitoka na kitu kimoja tu: kujua kufua. Damu hutolewa kwa maji baridi. Ya moto huipika ikashika. Hilo hakufundishwa darasani, maana darasani aliishia la tatu. Kwa hiyo mwaka wa tisini na saba, mgongo ulipokataa shimo, na aliposikia kwamba Mochama anauza duka lake la dobi mjini Migori, aliuza ng'ombe wake wawili wa mwisho, akazifunga hela kiunoni. Zikipotea hizo, hakuna nyingine nyuma yake.

"Sinunui kwa kuambiwa," alisema. "Serikali ndiyo hununua kwa kuambiwa, kwa sababu hela si zake."

Akazunguka Migori wiki nzima akiuliza swali moja: nguo zenu hufuliwa na nani?

Swali lilikuwa zuri. Ubaya ulikuwa kwa mwulizaji. Mwanaume asiye na mke, shati limenyooshwa pasi, anasimama mbele ya mama wa watu na kumwuliza nguo zake hufuliwa na nani. Kufika siku ya tatu soko lote lilikuwa limekubaliana kwamba Boaz anatafuta mke.

"Jaduong'," alisema Phelesia, muuza omena, dagaa wa ziwani, akimheshimu kama mzee huku jicho linacheka, "mimi hufua mwenyewe, na hufua vizuri. Lakini nina watoto watano. Utawachukua na wao?"

"Nimeuliza habari ya dobi, mama."

"Wote huanza na habari ya dobi."

"Ni biashara. Nataka kujua kama ungemlipa mtu akufulie."

Phelesia akawageukia wenzake. "Mmesikia? Anioe, na tena nimlipe."

Wakacheka mpaka omena ikamwagika. Boaz hakuondoka. Kicheko kilipoisha, Phelesia alimwambia ukweli, kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna mtu atakupa nguo ya mwilini. Nguo yangu iingie maji moja na ya mtu nisiyemjua? Na vile watu wanakufa siku hizi? Koti ya marehemu watu wanachoma, siku hizi hata mdogo wake hataki kuivaa. Utapata suti ya mwalimu wakati wa harusi, na yunifomu ya askari siku ya gwaride. Basi."

Maneno hayo yalimkaa. Wiki iliyofuata alikwenda kuketi kwa mshona viatu, ng'ambo ya barabara, akitazama mlango wa Mochama kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa. Kila mteja aliyeingia, Boaz alitia kokoto mfukoni. Siku nne, kokoto kumi na moja, na mmoja kati ya hao aliingia kuuliza choo kiko wapi.

Hata hivyo Mochama alikuwa amenona. Shingo yake ilikuwa na mikunjo kama ya mtoto wa kunyonya, na nyuma ya duka palikuwa na gari. Boaz akavuka barabara.

"Mochama, duka lako halina watu. Wewe unakula nini?"

Mochama alikuwa mtu mpole. Akarudisha mlango, akamvutia kiti. "Mzee, wewe umeangalia mlango wa mbele. Mteja wangu hapiti mlangoni." Akatoa faili kwenye kabati. "Hospitali ya Kamsudi. Shuka mia mbili kila wiki, tangu tisini na nne. Ukinunua duka, umenunua na hospitali."

Boaz akasogeza kiti karibu. "Mia mbili."

"Kila Ijumaa."

"Leo ni Ijumaa. Nimeketi pale tangu asubuhi. Zimeletwa na nini?"

"Haziletwi."

"Sijaelewa."

"Shuka haziji, mzee. Karatasi ndiyo huja. Karani wa stoo anatuma karatasi, wewe unatia sahihi umefua, yeye anatia sahihi amepokea, Nairobi inalipa, mnagawana. Hutanunua hata sabuni. Kwani unafikiri bei yangu iko juu kwa sababu ya hii mashine? Hii ilikufa zamani."

"Na kwa nini unauza kitu kitamu hivyo?"

"Nasimama udiwani mwaka huu. Kampeni inataka hela ya mara moja."

Boaz aliomba faili. Alisoma kwa kidole, polepole, kama wasomavyo watu waliotoka shule mapema. Alirudi nyuma mpaka tisini na tano, mpaka mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza, shuka mia mbili, safi. Wiki ya pili, mia mbili, safi. Wiki aliyokufa Priscah, wiki ambayo Boaz alimgeuza mkewe ubavu mara tano kwa siku ili avute shuka akaifue, na kurudi akamkuta amelala juu ya plastiki akitetemeka, imeandikwa mia mbili, safi. Chini yake sahihi mbili nzuri, za watu waliokwenda shule.

Hakupiga meza. Alifunga faili.

"Mimi sinunui ng'ombe kabla sijamwona meno," alisema. "Nipe karatasi ya wiki hii. Jumatatu nitaipeleka Kamsudi mwenyewe, nimwone huyo mteja."

Mochama akatabasamu. Alidhani mzee anataka kujuana na karani na kupanga fungu lake, jambo ambalo ni busara. Akampa.

Jumatatu, Boaz alilikuta tangi palepale uani, na wanawake palepale penye tangi. Na dirishani pa stoo alikuwa karani yuleyule wa kugawana gharama, ila sasa amevaa saa kubwa zaidi.

"Mimi ndiye dobi wa Migori," Boaz alisema. "Nimekuja kuchukua shuka zangu."

"Shuka gani?"

"Mia mbili. Karatasi hii hapa."

Karani akaangalia huku na huku. "Mzee, ingia ndani tuongee."

"Ndani sina neno. Dobi huchukua zilizochafuka. Nipe."

"Kwani Mochama hakukueleza?"

"Amenieleza kwamba serikali inanilipa nifue. Nimekuja kufua."

Kwenye tangi mwanamke mmoja alinyooka, povu limemfika viwikoni. Aliitwa Trizah, mwanawe alikuwa amelazwa wodini, huu ukiwa mwezi wa pili. "Huyo jaduong' anasema nini?"

"Nasema shuka mnazofua zimelipiwa dobi," Boaz akajibu, na sauti yake, iliyokuwa imejibana miaka miwili, ikatoka yote. "Kila wiki. Hata ya mke wangu ililipiwa, na mimi nilikuwa nimeinama hapo ulipo wewe, nafua."

Trizah akajipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akaingia wodini. Wenzake wakamfuata. Walirudi na shuka zimekumbatiwa, za damu, za usaha, zenye matobo ya kupitisha kichwa, wakazirundika chini ya dirisha.

"Thelathini na moja," Trizah alisema. "Ndizo zote. Wengine wamelalia leso zao."

Boaz akamtazama karani. "Umesikia. Leta mia na sitini na tisa."

Karani akafunga dirisha. Baada ya muda akaja mlinzi, macho chini kwa aibu, akasema mkubwa amesema mzee atoke, na kama ana malalamiko aandike barua.

"Nimwandikie nani?" Boaz akamwuliza. "Atakayeisoma ndiye anayekula."

Mlinzi hakumshika. Ndipo nesi alipotoa kichwa wodini. "Nani ametoa shuka? Watu wangu wamelala juu ya plastiki, na wengine wana homa."

Hapo hasira ya Boaz ilipoteza pa kukanyaga. Wakubwa wangeweza kungoja. Waliolala kwenye plastiki hawakuweza. Alitaka kulaani, akaona hata laana ingewachelewesha. Akakunja suruali mpaka magotini.

"Za damu zije huku," alisema. "Maji ya baridi kwanza."

Walifua mpaka saa nane, wakaanika juu ya michongoma. Karani alipita akienda kula, akainama karibu na sikio lake. "Umekataa bahati, mzee, kwa kichwa ngumu tu. Wiki hii haiishi kabla Mochama hajapata mwingine."

"Najua. Huyo mwingine mwambie leo zimefuliwa thelathini na moja. Asiandike zaidi."

Karani akacheka kama mtu aliyeambiwa neno na mtoto, akaenda zake.

Ilibaki shuka moja. Boaz aliivuta majini, na Trizah akamwuliza, bila utani, "Kesho utakuja tena? Kesho zitachafuka."

"Mtanilipa nini?"

"Tukulipe na nini, jaduong'? Hapa tumeshalipa kila kitu."

Ng'ombe walikuwa wamekwenda, hela bado ziko kiunoni, na duka la kununua nalo limekwenda. Wiki mbili Boaz alikuwa ametafuta mtu mmoja anayehitaji dobi, akachekwa soko zima, na kumbe walikuwa hapa, wodi nzima, wakimngoja. Soko lilikuwepo. Wakubwa walishaliuza kabla yeye hajaling'amua. Aliinua shuka akaipiga kwenye saruji ya tangi, akaipiga tena, tena, mpaka Trizah akamshika mkono na kumwambia aangalie, itapasuka, na hawana nyingine.