Kikapu cha Mama Zipora

"Hicho kikapu ni cha nini, dada Scola?" Remmy aliuliza kabla mgeni wake hajaketi. "Kama ni rushwa, funga mlango kwanza."

Scola alicheka, ingawa hakuwa na kicheko asubuhi ile. Alikuwa ametoka Njombe na basi la kwanza, na upepo wa Makambako, ambao haujawahi kumheshimu mtu, ulimvua kilemba mara mbili kati ya stendi na ofisi hii. Kikapu alikishika kwa mikono yote miwili. Kilemba kingeokotwa.

"Ni viazi vya Matamba," alisema. "Vimekuja na vitabu."

Huyu Remmy ndiye aliyetengeneza mfumo wa kompyuta wa maktaba ya usharika ambayo Scola anaitunza: nani kaazima nini, na arudishe lini. Ni mfumo mzuri, tusimnyime mtu haki yake. Scola mwenyewe aliupigia debe kwenye kamati mpaka wazee wakakubali, wakaweka na sheria kwamba hakuna kitabu kitakachotoka mlangoni bila kupita humo. Ila ulikuwa na chumba kimoja ambacho mteja haingii. Mipangilio yote, muda wa kuazima, aina za wasomaji, hata maneno yanayotokea kwenye skrini, ilikuwa nyuma ya alama ya kufuli, na ufunguo alikuwa nao Remmy peke yake.

Sasa, juzi mama Zipora alishuka na lori la viazi.

Mama Zipora ni mtu wa Matamba, wilaya ya Makete, kule juu karibu na Kitulo, ambako baridi huwaamkia watu kabla ya jirani. Jumapili baada ya ibada, wanawake hukusanyika nyumbani kwake wakimenya maharage, naye huwasomea kwa sauti. Wengi wao hawakubahatika kukaa darasani. Kwa hiyo kitabu kimoja akiazima Zipora, kimeazimwa na mtaa mzima.

Alitua kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, juu ya meza. Vitabu vilikuwa juu, vimefungwa ndani ya khanga safi; viazi vilikuwa chini. Scola akaandika jina la mama huyo kwenye kompyuta, na skrini ikawa nyekundu: AMEFUNGIWA.

"Mbona umechelewa sana, mama?" Scola aliuliza kwa upole.

"Nimechelewa?" Zipora alishangaa kweli. "Vitabu tulivimaliza zamani, mwanangu. Viazi ndivyo vilivyokuwa bado ardhini. Ningekujaje mikono mitupu? Chombo cha mtu hakirudi kitupu, sembuse kitabu."

Scola alijaribu kila alichokijua. Kila alipobonyeza, kufuli. Akampigia Remmy, akajibiwa kwamba aandike maombi, yatapangwa kwenye foleni. Zipora alisimama pale akingoja kitabu kingine, akitabasamu, kisha polepole akaacha kutabasamu.

"Basi," alisema. "Labda mashine haitutaki sisi watu wa juu."

Alijifunga khanga yake, akaenda mlangoni. Scola akamkimbilia na kikapu.

"Kiache tu, mwanangu. Nikipanda nacho kitupu, wenzangu wataniuliza, na mimi sina jibu."

Afadhali angetukana. Scola alikaa na kile kikapu siku nzima kikimtazama. Viazi vya watu kavipokea, kisha anawarudishia kikapu bila kitu. Yeye, binti wa Kibena, aliyechapwa utotoni kwa kurudisha sufuria ya jirani bila hata hindi moja ndani yake. Aliona aibu, na aibu ikamnyima usingizi.

"Kwa hiyo nimekuja kuomba ufunguo," alimwambia Remmy. "Lori la Filbert, yule dereva wa viazi, linapanda Matamba kesho. Kikapu hiki kikipanda kitupu, au kisipopanda kabisa, mama yule harudi tena. Wala wenzake."

Remmy alikuna kichwa. "Dada, sikatai kwa kiburi. Kuna mteja niliwahi kumfungulia. Akafuta majina ya wasomaji wote akidhani anasafisha skrini. Nilimaliza wiki nzima nikiyarudisha, na lawama zikawa zangu."

"Una haki ya kuogopa."

"Sasa unaniomba nini?"

"Nifundishe. Nikiharibu, nifungie na mimi, kwa herufi nyekundu."

Remmy akacheka. Akakitazama kikapu, akamtazama Scola, akakitazama kikapu tena.

"Viazi hivyo vinaiva haraka?"

"Vya Matamba? Vinapasuka vyenyewe."

Basi vikatelekwa kwenye jiko dogo nyuma ya ofisi, na wakati sufuria inachemka, Remmy akafungua nakala ya mfumo ya kujifunzia, ambayo mtu anaweza kuivuruga bila kumuumiza yeyote. Scola aliivuruga. Mara ya kwanza alibonyeza kwa kujiamini kabisa, akakaa wima akisubiri sifa.

"Hongera," Remmy alisema. "Umewaazima watoto wa darasa la pili vitabu mpaka viazi vivunwe."

"Watafurahi."

"Walimu wao je?"

Walikula viazi kwa chumvi, wakipuliza vidole, na Scola akarudia mpaka mkono wake ukazoea. Ndipo Remmy akaivuta kibodi, akaandika upande wake, na kwenye mfumo wenyewe, ule wa kweli, kufuli ikatoweka. Scola akaigusa skrini pale ilipokuwa. Hakutegemea kwamba angeshukuru kwa kuondoka kwa kijialama kidogo kama kile.

"Asante, kaka. Asante sana. Mungu akubariki na kazi ya mikono yako."

"Subiri umalize kwanza."

Scola akaunda kundi jipya: Wasomaji wa Makete. Muda wao akaurefusha uvuke mavuno. Jina la Zipora akaliingiza la kwanza.

"Na haya maneno," aliuliza, "muda wa kawaida ukipita, lazima yaseme amefungiwa?"

"Maneno ni yako sasa."

Scola alifikiri kidogo, akaandika. Remmy akainama kusoma, na safari hii hakutania. Alitoka nje, akarudi amekumbatia maparachichi, akayapanga ndani ya kikapu moja moja.

"Mama yangu yuko Wanging'ombe," alisema. "Akisikia nimekula viazi vya watu na kikapu kikatoka kwangu hivihivi, atanikana."

Kesho yake Filbert alikipokea kikapu kwa mikono miwili, maparachichi chini na vitabu juu, vimefungwa kwenye khanga ileile, imefuliwa na kupigwa pasi. Akakiweka mbele, pembeni ya kiti chake, si nyuma kwenye magunia.

Majuma yalipita, ukungu ukashuka Njombe ukakaa. Jioni moja, kabla ya kufunga, Scola alipitia majina ya walioazima vitabu. Wengine walirudisha, wengine bado. Alipofika kwa mama Zipora alisimama, akamwomba Mungu amlinde, na viazi vyake. Mbele ya jina hilo hapakuwa na wekundu wowote, ila maneno mawili kwa herufi za kawaida: Anasubiri viazi.

Huko Matamba, Filbert alikuwa amemwambia, ndiyo kwanza vinatoa maua.