Jina la Augustine wa Noël

"Nyamazeni kwanza, inaanza!" Augustine alisema, akipangusa kioo cha televisheni kwa ncha ya kikwembe. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika liboke, samaki aliyefungwa ndani ya majani, uzi haujakazwa.

Wateja wakacheka. Walimjua. Zamani mumewe, marehemu Noël, alitoa samaki mkubwa, kapitani, kwenye mitego yake ya maporomokoni, akampelekea mwanamuziki mmoja wa mjini, na yule bwana akalitia jina la mkewe ndani ya wimbo: "Augustine wa Noël!" Siku hizo stesheni ilikuwa ya muziki mtupu, klipu kutwa kucha. Ukipiga simu na kutaja jina lako, wanakupigia wimbo wako, na wewe unajiona mtu.

Lakini wapi! Muziki ulitoka kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Yaliingia mashindano ya vichekesho, wakaja wanawake wa kugombana kwenye makochi, mwisho akaja Nabii. Nabii hakuimba. Alitaja watu. Mwezi uliopita alimtaja Florentine, muuza mihogo wa barabara ya Bengamisa, kwamba ni mchawi anayekula watoto wa mtaa, na kabla jua halijatua paa lake lilikuwa linawaka. Hadi leo hakuna anayejua Florentine yuko wapi, wala anayeuliza.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Augustine hakutia. Alimhurumia Florentine, kisha akaendelea kuukosa wimbo wake, na roho ikamuuma. Jumatano akapiga ile namba ya zamani, ambayo haikuwahi kumtoka kichwani.

"Alo," binti mmoja alipokea. "Jina?"

"Augustine wa Noël, wa kwenye maporomoko. Mi naomba tu wimbo yangu, Jumamosi saa kumi."

"Bwana yako iko?"

"Mayi ya mto ilimubeba, ni miaka tatu sasa."

"Na batoto?"

"Mungu hakunipatia, mama."

"Bon. Tumeandika."

Binti mwenye adabu kweli. Augustine alifurahi hadi Jumamosi.

Sasa saa kumi ilikuwa imetimia. Kwenye kioo akatokea Nabii, suti nyeupe, karatasi mkononi, macho amefumba.

"Naona mama moja," alisema. "Anaikala karibu na mayi. Bwana yake, ni yeye alimutoa sadaka kwa mayi. Tumbo yake haina mutoto, sababu alikula batoto bote."

Kicheko kikakatika. Liboke likamponyoka Augustine, mchuzi ukamwagikia miguu yake. Maneno yale aliyajua moja moja. Ni yeye aliyeyatuma.

Nabii akafumbua macho, akachungulia karatasi. "Augustine. Augustine wa Noël."

Ole wake! Hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Viti vikasogezwa, chupa zikaachwa nusu. Vicky, dada wa marehemu, aliyekuwa akila mkononi mwa Augustine tangu mazishi, alitoka polepole hadi kwenye ua, halafu akakimbia.

Alibaki Timothée, mzee wa mtumbwi kutoka Isangi. "Mama, pirogi yangu iko hapa chini. Twende. Sasa hivi."

Augustine alimfuata hadi mlango wa nyuma. Ndipo gitaa likalia. Nabii alikuwa amemaliza, na ili kujaza dakika chache kabla ya habari, stesheni ilikuwa imetia klipu ya wimbo ule. Augustine akasimama.

"Mama Augustine!"

"Ngoja, papa. Jina yangu inakuya."

Nje, uani, vichwa vilikuwa vimeanza kujipanga, na wengi wao aliwatambua. Walikuwa wakicheza wimbo huo huo hapa hapa kwake. Leo hakuna aliyetikisa hata bega. Kwenye jiko maboke yaliyosalia yalianza kuungua.

Mwimbaji akavuta pumzi, akaliita kwa mapenzi yote ya yule kapitani: "Augustine wa Noël!"

Na huko nje sauti moja ikaitikia, taratibu, "Augustine wa Noël," kisha ya pili, kisha ua mzima.