Vidole vya Awiti

Vilikuja bila hodi, kama kawaida yao. Peres alikuwa ameketi katika kibanda chake cha ususi Kenyatta Market akisubiri mteja, moshi wa nyama choma ukijikokota chini ya mabati, mara akavihisi utosini: vidole vikizitenganisha nywele zake, polepole, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Ikafuata harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani. Kisha sauti ya mama yake, Awiti, kwa Kijaluo: "Nyathina, tulia." Mwanangu, tulia. Soko zima likaenda mbali, redio na kelele zake zote, likawa kama liko chini ya maji. Peres akatulia. Nani asingetulia? Awiti alikuwa kaburini Kendu Bay, mwaka wa pili sasa.

Mara nyingi iliishia hapo, dakika moja tu. Mara nyingine ilizidi, akaanguka, akazinduka damu mdomoni, na Emmah, msusi wa kibanda cha pili, amemlaza kwa ubavu. Kilikuwa kifafa, na Peres alijua ni kifafa, hakuwa mjinga. Alikuwa nacho tangu utotoni, na vidonge vilikuwa vimekinyamazisha kwa miaka saba. Lakini katika pilikapilika za mazishi alisahau kumeza siku tatu, na siku ya nne vidole vikaja. Basi tangu hapo akawa anasahau makusudi.

Na alikuwa mjanja, jamani! Kila mwezi Kitavi, muuguzi wa kliniki moja huko Adams Arcade, alimwaga mezani vidonge vilivyobaki akavihesabu. Peres alihakikisha vimebaki vinne tu, kama ilivyotakiwa. Vingine alikuwa amevitupa chooni asubuhi hiyo hiyo. Kitavi alikuna kichwa. "Dawa unameza vizuri na bado unaanguka? Basi tuongeze." Maskini, akaongeza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, ila ya Peres ilizidi kurefuka kila mwezi.

Kichwa chake chenyewe kilikuwa kimefungwa kitambaa tangu matanga. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini Emmah alikuwa amejitolea mara ngapi?

"Leta hiyo kichwa nikusuke, bana. Unatuharibia biashara."

Peres alicheka tu. Kichwa hicho kilikuwa cha Awiti.

Ijumaa moja akaja Munyiva, mteja wake wa miaka mingi kutoka Kileleshwa, na binti yake mchanga, Nthenya. Alitaka rasta za harusi ya kaka yake. Peres alisuka tangu asubuhi hadi alasiri, mtoto akanyonya, akalia, akanyonya tena, mwishowe akalala begani kwa mama yake, kinywa wazi. Kazi ikabaki ya maji moto tu, maana ncha za rasta huchovywa zisije zikafumuka. Peres akamimina maji yanayochemka kwenye jagi, akasimama nyuma ya kiti.

Hapo ndipo vidole vilipokuja.

Havikuwa vimewahi kuja vitamu hivyo. Vilianza mstari mpya juu ya sikio, kwa upole, na harufu ya omena ikajaa kibanda, na Peres akawa na miaka sita, mgongo wake katikati ya magoti ya mama yake, jua la ziwani miguuni. Mkono wenye jagi ukaanza kwenda zake kama mkono wa mtu mwingine. Huko chini, mbali kabisa, aliliona shavu la Nthenya.

"Tulia," Awiti akasema.

Mungu wangu, alitamani kutulia!

"Mama, niache!"

Alipiga kelele hadi wachoma nyama wakageuka. Akajitupa nyuma kwa nguvu zote alizobaki nazo, jagi na yote.

Alipozinduka, mguu wake wa kushoto ulikuwa unawaka moto. Emmah alikuwa akiumwagia maji baridi. Munyiva alisimama ukutani, amemkumbatia mtoto, na mtoto alikuwa analia, mzima.

Jumatatu alifika kliniki akichechemea. Safari hii hakutupa kitu. Kitavi akamwaga kopo, vidonge vikaenea meza nzima, vingine vikabingirika hadi sakafuni.

"Ulisahau?"

"Sikusahau, daktari."

Akamweleza yote: vidole, omena, choo, mtoto. Alingoja kugombezwa. Kitavi aliinama akaokota vidonge kimoja kimoja, akakaa navyo mkononi.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu," alisema. "Sijawahi kukuuliza hii dawa inakunyima nini."

Peres akalia, kamasi na yote, bila aibu.

"Nikimeza nitamkosa."

"Utamkosa," Kitavi akasema. "Sitakudanganya. Na usiku ule wa kwanza utakapotaka kuacha dawa, usikae na hamu hiyo peke yako. Uko na mtu hapo sokoni?"

Peres alifikiri. "Emmah."

Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi Emmah alileta chai vikombe viwili, akasimama mikono kiunoni hadi kidonge kishuke, kama mama mkwe. Vidole havikuja. Peres alikuwa akinyamaza katikati ya kazi akasikiliza kichwa chake, na kichwa kilikuwa kimya.

Asubuhi moja alimeza, akarudisha kikombe, akafungua kitambaa. Akamketisha Emmah kwenye kiti cha wateja, akavuta kigoda kifupi, akaketi katikati ya magoti yake.

Emmah hakutania. Akachukua kitana, akaanza. Nywele za miaka miwili zilikuwa zimeshikana, na mkono wa Emmah ni mzito, soko zima linajua.

"Pole. Nimekuvuta?"

"Umenivuta."

"Niache?"

Peres alingojea harufu ya omena. Ikaja ya nyama choma na mafuta ya nywele. Machozi yakamdondoka mapajani.

"Usiache," akasema. "Suka."