Kamyo Ndogo ya Baba Modeste

Nakutegea, Baba Modeste, nawe unitegee sikio.

Haombi njia, anapita. Habishi hodi, anaingia. Anakula nasi na hana kinywa, analala nasi na hana ubavu. Mfukuze kwa ufagio: kabla ufagio haujarudi pembeni, yeye amerudi kitini. Mvua ikimpiga anaanguka na kunyamaza. Jua likimwita anaamka. Ni nani?

Asubuhi ya kwanza ya kukutegea, baada ya hospitali, jua lilikuwa limeingia kwa tundu la bati, lile unaloahidi kuliziba tangu mwaka juzi, likasimama katikati ya nyumba kama fimbo ya mchungaji. Na ndani ya mwanga ule yeye alikuwa anacheza. Anapanda, anashuka, hana haraka, hana deni na mtu. Nilikuonyesha kwa kidole. Ulitazama. Midomo yako ikatafuta, ikatafuta, ikaacha. Ukageuza uso ukutani.

Nami nikanyamaza. Anayenijua asingeamini. Mimi Marthe, mke wako kwa miaka arobaini na mitatu, ninayetegua vitendawili vyangu mwenyewe kabla watoto hawajafungua mdomo, siku hiyo nilijiuma ulimi.

Jibu ni lako.

Ilikuwa wakati wa kuvuna maharagwe. Uliinama shambani, ukainuka nusu, ukakaa chini kama gunia lililofunguliwa kamba. Mkono wako wa kuume ukalala. Ulimi nao ukalala pamoja nao. Tukaenda nawe Mbarara, hospitali, siku kumi na mbili, wakakutunza vizuri. Na siku ya kutoka, nesi mmoja Mnyankore, mwenye viganja vya moto kama chapati, alinivuta kando.

"Mama, huyu mzee maneno yake iko ndani. Wewe usijibu kwa yeye. Yeye anatafuta, wewe unangoja. Na vidole, pea yeye kazi ndogo ndogo. Mpora mpora."

Mpora mpora. Polepole, kwa lugha yao. Nikalibeba neno hilo kwenye taksi mpaka Nakivale, kambini kwetu, mapajani, kama yai.

Lakini kazi gani? Nilikupa karanga umenye, ukazisukuma. Nilikupa mchele uchague, ukaufunika na kofia yako. Nikaona aibu. Shofere wa barabara ya Uvira na Bukavu, mtu aliyezipinda kona za milima na mihogo ya soko zima mgongoni, nampa mchele? Ulirudi ukutani. Na ukuta wa udongo, hata uutazame mwezi mzima, hauna habari ya kukupa.

Ndipo akaja Doriane.

Mjukuu wetu, binti ya Modeste, anayesuka nywele na kupaka kucha kwenye saluni ya Kakoba, kule Mbarara. Akija Jumapili nyumba yote inanukia mafuta ya nazi. Katika mitumba ya sokoni, katikati ya viatu vilivyopotezana na wenzao, alikuta sanduku la karatasi ngumu, la kichezeo cha kuunganisha, na juu ya sanduku picha: kamyo ya kijeshi, rangi ya majani, magurudumu sita, turubai mgongoni.

"Koko, angalia. Si ni kama ile ya Mzee?"

Koko ni mimi, bibi yake. Ile ya Mzee. Ile iliyozeeka jeshini, ikauzwa, ukaileta nyumbani ikikohoa, ukaibatiza Subira. Ilivaa kijani cha askari lakini haikubeba askari. Ilibeba mihogo, ikabeba mbuzi, ikabeba maharusi, ikabeba kwaya nzima ya kanisa ikiimba sauti nne kwenye mteremko na sauti ya tano ni breki. Na siku ile ya kukimbia vita ilibeba mtaa wetu. Mpaka mafuta yakaisha. Ulishuka, ukaipigapiga mbavuni kama mtu anayemuaga ng'ombe, ukaacha ufunguo ndani, ukatembea na sisi. Miaka yote hii hukuwahi kuuliza kama kuna aliyeiwasha tena.

Doriane aliposhika sanduku lile mbele yako, macho yako yalitoka ukutani. Nililiona hilo. Nikalificha moyoni, nisilitishe.

Ndani ya sanduku hamkuwa na kamyo. Mlikuwa na shamba. Fremu za plastiki, nyembamba kama mashina, na vipande vidogo vikining'inia humo kama maganda yaliyokauka. Doriane alikwenda kusalimia wenzake wa kanisani, akaniambia, "Koko, usiguse." Mimi, niliyezaliwa kwenye maharagwe, nione yamekauka nisiyaguse?

Nilileta ungo. Nikakaa mlangoni, nikapukuchua. Tak, tak, tak. Kipande kwa kipande, shina kwa shina, nikiimba, mpaka ungo ukajaa na fremu zikabaki mifupa. Mifupa nikaitupa shimo la taka, shimo nikaliwasha moto, nikapangusa mikono. Kazi safi.

Doriane aliporudi alishika kichwa.

"Koko! Ulifanya nini?"

"Nimekusaidia."

"Namba zilikuwa mu zile fremu! Kila kitu na namba yake, ya kuonyesha fasi yake! Sasa tutajua je hiki ni cha mbele ao cha nyuma?"

"Si karatasi ya maelekezo ipo? Tuiulize."

"Karatasi inasema chukua kumi na saba. Haya, Koko. Nipe kumi na saba."

Nikatazama ungo. Vipande zaidi ya mia, vyote kijani kilekile, na hakuna hata kimoja chenye jina. Nilisoma mpaka darasa la sita. Mwalimu wetu alikuwa mkali, alitufundisha mito na milima na kugawanya kwa desimali. Hili hakulifundisha.

Ndipo kitanda kikalia.

Uliinuka, Baba Modeste. Mguu mmoja ukimvuta mwenzake, ukaja mpaka mlangoni, ukakaa kwenye kigoda changu bila kuomba ruhusa. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye ungo, ukachakura kama kuku, ukatoa kipande kilichopinda kidogo kama ukucha. Ukakigeuza. Ukakiweka kando. Ukatoa cha pili, pacha wake. Springi za nyuma. Ukatoa ekseli. Ukatoa stelingi, ndogo kama tundu la kitufe, ukaishika mbele ya jua na ukatazama kupitia humo kama unatazama barabara.

Karatasi hukuigusa. Nani wa kukuonyesha wewe fasi ya springi?

Kama ningeacha namba, Doriane angesoma, angeunganisha, angemaliza kabla ya taksi ya jioni, nawe ungebaki na ukuta wako. Nilitazama kosa langu likiwa limejaa ungo mzima, na nikalipenda.

Wiki zikapita, na kamyo ikaota mezani petu kama kitu kilichopandwa. Gundi ilikuwa ya kubandikia kucha. Kibano kilikuwa cha nyusi. Msasa ulikuwa wa kucha pia, wa waridi, umeandikwa maneno ya mapenzi. Vifaa vya warembo wa Kakoba, na fundi ni mzee mwenye mvi masikioni.

Wiki ya kwanza mkono wako wa kuume ulilala juu ya shasi, uti wa mgongo wa kamyo, kama jiwe, kazi yake kukandamiza tu. Nikasema, hata jiwe lina kazi. Wiki ya pili kidole gumba kiliamka. Wiki ya tatu kidole cha pili kikamfuata kaka yake, na vikashikana, na katikati yao palikuwa na mlango wa nyuma wa kamyo, mwembamba kama mbegu ya boga, haukuanguka.

Na kila asubuhi, jua likiingia kwa tundu la bati, nilikutegea kilekile. Haombi njia, anapita. Habishi hodi, anaingia. Ni nani? Midomo yako ilitafuta. Nilingoja. Ee Mungu, nilingoja! Jibu lilikuwa limenijaa mdomoni kama maji ya kusukutua, na sikuruhusiwa kulitema.

Siku moja gundi ilininasa. Kidole changu na paa la kamyo vikawa mwili mmoja. Nikasonga ugali na mkono mmoja, kamyo imening'inia kwenye mkono wa pili, nikizunguka jiko kama mtu aliyeshikwa na polisi. Na wewe ukacheka. Tangu mavuno hatukukusikia sauti, na sasa kicheko kikakutoka, kikavu, kama injini ya asubuhi. Kicheko si neno. Lakini njia vinayopita ni moja.

Jirani yetu Kankindi alikisikia, akaja. Kankindi, mwimbaji wa sauti ya kwanza, asiyepita mbele ya mlango bila kuuingia. Akaona kilichoko mezani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Modeste! Unatuletea jeshi mu nyumba? Hizi kamyo si ndizo tulizikimbia? Weye unazizaa mezani!"

"Kaa, unywe chai."

"Na hii?" Aliinyooshea kidole bunduki ndogo, ile ambayo picha ilitaka ikae juu ya paa. "Hii nayo ni ya kubeba mihogo?"

Uliichukua, Baba Modeste. Ukaitazama pande zote. Bomba la moshi la kamyo tulikuwa hatuna, maana kuku wa Kankindi mwenyewe alilimeza siku ya Ijumaa. Ukaigeuza bunduki mdomo nyuma, ukaipaka gundi, ukaipachika chini ya shasi. Ikakaa. Bomba la moshi, zuri kabisa, na sitaki kusikia jingine.

Kankindi akasogea. Akainama mpaka pua ikagusa mbao za kamyo, akaingiza ncha ya kidole ndani, pembeni, nyuma, upande wa kushoto.

"Shofere," akasema, na sauti haikuwa ya kugomba tena, "nilikaa hapa. Na mtoto mgongoni."

Uliitikia kwa kichwa. Unakumbuka kila mtu alipokaa.

Tangu siku hiyo akawa anakuja na chai yake mwenyewe. Na asubuhi moja alinikuta nakutegea, akapiga makofi, "Aa, hicho nakijua! Hicho ni..." Nilikuwa na kiazi kitamu mkononi. Nilikiingiza chote mdomoni mwake. Akatafuna, ananitazama kama nimerukwa na akili. Jibu si lako, mama. Lina mwenyewe.

Turubai nililishona mimi, kutoka kipande cha ile shitingi ya plastiki tuliyopewa siku ya kwanza, iliyokuwa paa letu la kwanza hapa. Ilikuwa imehifadhiwa chini ya godoro, sikujua kwa nini. Rangi ililetwa na Doriane, chupa mbili za rangi ya kucha, kijani.

"Kuna mwanamke anapaka kucha hivi?"

"Koko, Mbarara kuna wanawake wa kila rangi."

Tukaipaka. Ikakauka. Doriane akapiga vigelegele, Kankindi akaingiza sauti ya kwanza. Kamyo ilikuwa nzima, magurudumu sita, vioo, turubai, inang'aa kama bi harusi.

Wewe ukaitazama. Ukakunja uso. Ukaisukuma mbali.

"Mzee, kuna kitu kinakosa?" Doriane akauliza. "Ni kioo? Ni taa? Ni plaki ya namba?"

Kichwa chako: hapana, hapana, hapana. Uliinuka, ukarudi kitandani. Ukutani.

Jumatatu hukuja mezani, wala Jumanne. Vile vidole viwili vilivyoamka vikalazwa tena kifuani. Siku sita nilifagia kuizunguka kamyo ile, na roho yangu ilikuwa baridi, maana niliona tumekukosa kwa kupaka rangi. Siku sita sikukutegea kitu. Nilikaa karibu na mgongo wako tu. Nikauambia mgongo: mimi nipo, nangoja, mpora mpora.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Doriane amekuja, Kankindi amekuja, lori la mahindi likapita barabarani nje, kubwa, likinguruma. Ukuta ukatetemeka. Na yule mgeni wetu akaingia kwa mlango, kwa dirisha, kwa tundu la bati, akatanda kwenye fimbo ya jua, mwekundu, mwingi, akaketi kwenye vikombe, akaketi kwenye Biblia, akaketi juu ya kamyo.

Ukageuka.

Ulikuja mezani. Ukainyanyua kamyo kwa mkono wa kuume, Baba Modeste, wa kuume. Ukaenda nayo mlangoni, ukachutama. Ukachovya kidole pale kizingitini anapopenda kulala, ukampaka kwenye magurudumu. Kwenye mbavu. Kwenye turubai la paa letu la zamani. Kwenye kioo cha mbele, kisha kwa ukucha ukafuta nusu duara mbili, hapa na hapa, pale fagio za kioo hupita ili shofere aone njia. Kijani cha saluni kikazimika. Na kutoka chini yake, imechoka, imesafiri, ikatokea Subira.

Ile tuliyoiacha barabarani na ufunguo ndani. Imefika.

Uliipuliza kidogo, kinachozidi kikaruka, kikaingia kwenye mwanga, kikapanda, kikashuka, bila haraka. Ukakitazama. Ukanitazama. Midomo yako ikaanza kutafuta.

Kankindi aliufunika mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili. Doriane alinishika gauni. Mimi nilifunga meno. Haombi njia, anapita. Habishi hodi, anaingia. Ni nani, mume wangu? Ni nani?

"Vumbi," ukasema.